Omundu, mutu, moto, umuntu: neno moja, lugha mingi

Katika soko ya Butembo, muuzaji anamwita mnunuzi kwa Kinande, askari anajibu kwa Lingala, dereva aliyetoka Goma anaingilia kwa Kiswahili. Lugha ni tatu, lakini liko neno moja ambalo kila mmoja analitambua mara moja kwa mwenzake: lile la kumtaja binadamu.

Kwa Kinande ni omundu, wakiwa wengi abandu. Kiswahili cha kwetu kinasema mutu na batu. Cha vitabu ni mtu na watu. Lingala inasema moto na bato (si moto wa kupikia!). Kinyarwanda ni umuntu na abantu, Kikongo na Chiluba ni muntu na bantu. Hata Wazulu, kule Afrika ya Kusini, wanasema umuntu.

Kufanana huku si bahati. Wataalamu wanasema lugha hizi zote zilitoka kwa mama mmoja, iliyosemwa karibu na mpaka wa Kameruni na Nigeria, zaidi ya miaka 4000 iliyopita. Watu walipohama pole pole, matamshi yalibadilika, shina likabaki: -ntu. Kinande kikageuza t kuwa d, Kiswahili kikaacha n.

Kipande cha mbele ndicho kinachobadili maana. Kwa Kinande, omundu ni mtu, ekindu ni kitu, ahandu ni mahali. Kwa Kiswahili tuna mtu, kitu, na tena utu, yaani kuishi na wengine inavyofaa. Ndiyo sababu mwenye roho mbaya anaambiwa “uyu haiko mutu”, hata kama ana mikono na miguu.

Mwaka 1862, Mjerumani Wilhelm Bleek alichapisha kitabu cha sarufi ya lugha za Afrika ya Kusini. Alitumia neno Bantu, yaani “watu”, kuwa jina la jamaa ya lugha. Jamaa ya lugha, si ya damu. Lakini jina likatumiwa vibaya: mwaka 1953 serikali ya wazungu huko ilipitisha sheria ya “elimu ya Bantu”, iliyowawekea watoto weusi masomo ya chini.

Kwetu pia neno hili linatenga. Katika teritware ya Beni husikika “Bambuti na Bantu”, sawa vile Bambuti si batu. Wengine wanapima nani ni Muntu kwa kuangalia pua na urefu. Lakini Kinyarwanda ni lugha ya Kibantu sawa na Kinande, na Kilese, kinachosemwa na Balese pamoja na Bambuti wengine, si ya Kibantu: ni ya jamaa ya Sudani ya kati. Hakuna anayekuwa mtu zaidi ama mtu kidogo kwa hiyo.

Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Bambuti na Mbilikimo wengine wa Kongo kama raia kamili. Katika mazungumzo ya kila siku, inatosha kusema “Bambuti na majirani wao”. Wote ni abandu.