Pamba ilijilinda kabla ya ekapaki

Kila Januari, pamba ikikaribia kuweka vitumba, gumzo la Bariadi huwa moja: ekapaki, yaani dawa ya wadudu inayofungwa kwa kipimo cha ekari moja. Zimefika AMCOS, kwenye chama cha ushirika, au bado? Na zikifika, zinaua wadudu au ni maji matupu? Malalamiko haya ni ya zamani, na Simiyu, mkoa unaotajwa mbele kwa pamba nchini, huyasikia kuliko wengine. Kinachosahauliwa ni kwamba kabla mkulima wa Usukuma hajabeba bomba mgongoni, pamba yake ilikuwa na ulinzi wake yenyewe, na wapo watu waliotumia maisha yao ya kazi kuutafuta.

Wajerumani walileta kilimo cha pamba mapema karne iliyopita, Waingereza wakakiendeleza, na kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Misungwi, kikaanza miaka ya 1930. Adui wa siku zile alikuwa chawajani, kidudu cha kijani kinachonyonya jani kwa upande wa chini. Kingo za jani hugeuka njano, kisha nyekundu, na jani hujikunja. Shamba likishambuliwa hivyo mapema, mkulima hana cha kupeleka mnadani.

Dawa haikutoka kwenye chupa. Huko Barberton, Afrika Kusini, F. R. Parnell na wenzake walibaini kuwa pamba yenye malaika (vinyweleo laini) mengi na marefu chini ya jani haimpi chawajani nafasi ya kula wala kutaga. Wakachagua mmea baada ya mmea, ikatoka mbegu iliyoitwa U4, na uzao wake ukafika Kanda ya Ziwa. J. E. Peat na K. J. Brown, walioandika kumbukumbu ya uzalishaji mbegu Ukiriguru tangu msimu wa 1939/40 hadi 1957/58, wanaonyesha kazi hiyo ilivyokuwa ya kuchosha: kuchagua, kupanda, kutupa, kuanza tena. Malaika nayo yana hasara zake, maana vidukari na inzi weupe huyapenda. Hata hivyo, mbegu za UK, zilizobeba jina la Ukiriguru, zilimpa mkulima kinga ambayo hakuikopa kwa mtu.

Kinga ya pili ni sumu. Geuza jani la pamba kwenye jua uone vitone vyeusi vidogo kama vimechomwa kwa sindano. Humo mmea huhifadhi gosipoli, kemikali iliyopewa jina hilo na mkemia wa Poland, Marchlewski, mwaka 1899. Funza akitafuna, majani machanga yanayofuata huja na sumu zaidi.

Hapa ndipo ulipozuka mvutano mkubwa. Mbegu ya pamba ina protini nyingi, lakini gosipoli humdhuru binadamu, nguruwe na kuku. Ng'ombe mzima huimudu tumboni, ndiyo maana mashudu ni chakula chake. Kuku akilishwa mashudu kupita kiasi, kiini cha yai hugeuka kijani cha zeituni. Basi wataalamu wa lishe wakasema sumu iondolewe. Mwaka 1959 McMichael wa California alitangaza kuwa pamba ya Wahindi wekundu wa Hopi imempa mbegu isiyo na gosipoli. Watu wa lishe wakashangilia. Shambani ikawa karamu: wadudu ambao hawakuwahi kuigusa pamba waliishukia, na panya nao wakajiunga. Wakulima wakaikataa. Kwa maoni yangu walikuwa na haki, kwani anayeshinda maabara hapalilii.

Wachina waliitazama sumu hiyohiyo kwa jicho la tiba. Katika vijiji vilivyopikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba, ndoa zilikosa watoto. Kuanzia miaka ya 1970 wakawapa wanaume zaidi ya 8,000 kidonge cha gosipoli cha uzazi wa mpango. Kilifanya kazi, ila baadhi walipungukiwa potasiamu hadi misuli ikalegea, na wengine uzazi haukurudi tena. Mafuta yaliyosafishwa vizuri hayana tatizo hilo.

Kwetu, historia iliyofuata ni fupi. Mbegu ya UK91 ilitoka, ikafuata UKM08. Tangu 1994 wakulima wa pamba hai Meatu, chini ya mradi wa bioRe, wamekuwa wakipanda alizeti katikati ya pamba kuwavuta funza na kutumia mwarobaini, mti mwingine wenye sumu yake. Na ule mvutano wa gosipoli ulipata jibu: mwaka 2006 Keerti Rathore wa Texas alifanikiwa kuzima gosipoli ndani ya mbegu peke yake, majani yakabaki na silaha zao. Marekani iliruhusu pamba hiyo ilimwe mwaka 2018.

Nyakabindi, Bariadi, palifanyika maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa tangu 2018 hadi 2020, na viwanja bado vipo, ila somo hili halihitaji kusubiri maonyesho. Kila ekapaki inapogawiwa, afisa ugani angeweza kutumia dakika tano kumwonyesha mkulima upande wa chini wa jani na kumwambia ni mbegu ipi ina malaika na kwa nini ilichaguliwa. Hilo halihitaji bajeti wala kusubiri mzabuni.