Dola Milioni Mbili za Mfalme: Kwa Nini Coming to America Bado Inabishaniwa Kyela

Ukitaka kuharibu mazungumzo ya kistaarabu pale Kyela mjini, wakute watu wazima waliokuwa vijana miaka ya 90, kisha uliza swali moja tu: yule mzee wa mgahawa alifanya vizuri kukataa dola milioni mbili? Hapo kahawa itapoa na hakuna atakayeinuka.

Kwa waliozaliwa juzi: Coming to America ilitoka mwaka 1988. Eddie Murphy ni Akeem, mwanamfalme wa Zamunda, nchi isiyokuwepo kwenye ramani yoyote (ingawa jina linanukia Zambia kwa mbali). Anafikisha miaka 21 na kuletewa mke aliyefundwa tangu utotoni kusema ndiyo kwa kila kitu. Akeem anamwambia abweke kama mbwa, na binti wa watu anabweka kweli. Jamaa anaona hapana, anapanda ndege na rafiki yake Semmi mpaka Queens, New York. Huko anajifanya fukara, anapiga deki kwenye mgahawa wa baga, na anampenda Lisa, mtoto wa mwenye mgahawa.

Sasa ilifikaje Kyela? Sio kwa televisheni. Tanzania Bara ilipata kituo chake cha kwanza mwaka 1994, na kabla ya hapo muvi zilitembea kwa kanda. Deki moja, TV ya chogo, mabenchi, jenereta likinguruma nyuma, na kanda iliyorudufiwa mpaka picha inajaa chenga. Lugha ni Kiingereza kitupu, kwa hiyo mwenye shule kidogo ndiye alikuwa mkalimani wa benchi zima, na kama hajaelewa anatunga. Baadaye, miaka ya 2000, zikaja kanda na CD zenye sauti ya mtafsiri juu ya muvi, wale jamaa wanaotafsiri, wanachekesha na kuongeza chumvi zao humohumo. Ndiyo maana sehemu ya ubishi huu haitaisha kamwe. Watu hawabishani juu ya muvi moja. Kila mtu anatetea Akeem aliyesimuliwa yeye.

Kambi ya kwanza ni ya wapenda mapenzi. Kwao ile ndiyo stori bora kuliko zote: mtu ana kila kitu, anakificha, anataka apendwe yeye kama yeye. Kambi ya pili inajibu haraka: huyo ni muongo. Lisa alidanganywa kuanzia salamu ya kwanza, alipimwa kama mchele kwenye debe bila kujua kwamba anapimwa. Na wapo, wengi wao wanawake, wasiomjali Lisa wala Akeem. Wanauliza habari za yule aliyebweka. Binti kaandaliwa maisha yake yote, kadhalilishwa kwa sekunde chache, ukumbi ukacheka, muvi ikaendelea. Swali zuri, na ndilo linalopata majibu machache kuliko yote.

Halafu kuna wanaokasirishwa na Zamunda yenyewe. Tembo wanakatiza bustanini, mfalme kavaa ngozi ya simba, wasichana wanamwogesha mwanamfalme. Hapa watu wa ukanda huu wa Ziwa Nyasa wana la kusema kuliko wengine, maana wafalme wanawajua. Ng'ambo ya mto Songwe, kwa Wangonde wa Karonga ambao ni ndugu wa damu wa Wanyakyusa, yupo Kyungu. Zamani Kyungu alikaa kwenye kilima cha Mbande akiwa amefichwa, haonekani ovyo, na masimulizi yanasema akiugua sana wakubwa wake hawakumsubiri afe mwenyewe. Hakuna cha kuogeshwa na warembo pale. Upande wa Kyela na Rungwe walikuwepo machifu wengi wadogo wadogo, na mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wao wote. Kwa hiyo Zamunda ilipoingia kwenye deki, machifu walikuwa wamestaafishwa robo karne. Kijana wa kwenye benchi alikuwa anacheka ufalme ambao hata babu yake hakuutambua.

Lakini moto wenyewe uko kwa baba mkwe.

Kuna kipande mfalme Jaffe Joffer, yaani James Earl Jones na lile lisauti lake, anafika Queens na kumwambia Lisa uso kwa uso kwamba mwanae ana mchumba nyumbani. Mmarekani anaona baba mkali tu. Kwa Mnyakyusa wa zamani hiyo ilikuwa aibu isiyo na jina. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti kule kati ya 1934 na 1938, waliandika kwamba mke hakutakiwa hata kumtazama baba mkwe wake, wala kulitamka jina lake. Akimwona njiani anapisha. Ndiyo sababu mojawapo ya vile vijiji vya rika: wavulana wa miaka kama kumi waliondoka kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakawa wanazunguka kula kwa mama wa huyu leo, kwa mama wa yule kesho. Semmi, kwa macho hayo, sio mtumishi wa Akeem. Ni mtu wa rika lake, na anastahili kulalamika vile anavyolalamika.

Ndipo tunarudi kwenye zile dola. Mfalme anamwambia Cleo, baba yake Lisa, chukua milioni moja kwa usumbufu, yaishe. Cleo anakataa. Mfalme anapandisha mpaka mbili, mzee anakataa tena, na ni yuleyule aliyekuwa anamsukumia bintiye mtoto wa tajiri. Wengine wanamwona shujaa. Wengine wanasema ni mjinga, milioni mbili unafungua migahawa mingapi? Ila wazee wanaona kitu kingine kabisa: mahari iliyogeuzwa. Kwao mali hutoka kwa mwanaume ili ndoa ifungwe, na zamani mali yenyewe ilikuwa ng'ombe. Aliowashika ni baba, na mara nyingi ng'ombe walioingia kwa ndoa ya dada ndio waliomwolea kaka. Mfalme huyu analeta mali ili ndoa ivunjwe. Hilo halikuwahi kuonekana.

Na kijana anayeondoka nyumbani kwenda kujitafutia mwenyewe sio jambo la Hollywood kule. Miaka ya 30, dhahabu ya Lupa kule Chunya iliwavuta vijana wengi wa Unyakyusa. Aliyerudi na hela yake mfukoni hakuwa tena wa kukaa akisubiri baba amgawie ng'ombe, na wazee hawakulifurahia hilo hata kidogo. Akeem alikuwa na mkoba wa dola na ndege, wao walikuwa na miguu na sururu, lakini ugomvi wa baba na mwana ulikuwa huohuo.

Mwishoni mwanamfalme yuko Zamunda siku ya harusi, ana huzuni, bibi harusi anakuja kafunikwa uso. Shela inafunuliwa: Lisa. Ukumbi wote unapiga makofi, na Kyela hapo ndipo raundi ya pili ya ubishi inapoanza, maana muvi haionyeshi nani alikwenda Queens kumchukua, alimkuta baba yake nyumbani au hakumkuta, na alikwenda na ng'ombe wangapi.