Programu Zilizoipa Sayansi Sura

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, maabara moja mjini Chicago iliyochunguza ubongo wa wagonjwa wa kifafa ilikuwa ikitegemea kijifaa kimoja cha kuchomeka kwenye kompyuta. Programu ya kusomea mawimbi ya umeme ya ubongo ilikuwa ya kulipiwa, leseni ni moja tu, na bila kijifaa hicho haikufunguka. Wanafunzi, madaktari na watafiti wakawa wanapokezana.

Miongoni mwao alikuwamo John Hunter, mtaalamu wa biolojia ya neva. Kwanza aliihamishia kazi hiyo kwenye MATLAB, chombo kilichokuwa kimeenea katika utafiti wa tiba. MATLAB nayo ilikuwa na safari yake. Cleve Moler, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha New Mexico, aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1970 ili wanafunzi wake wakokotoe matriki bila kuhangaika na lugha ya programu ya Fortran. Wakati ule iligawiwa bure. Mwaka 1984 ikaundwa kampuni ya MathWorks, na tangu hapo imekuwa bidhaa ya sokoni.

Hunter alifika nayo mahali ikamwia nzito, kwani alitaka picha za ubongo, hifadhidata za mbali na vipimo vya umeme vikutane kwenye dirisha moja. Akahamia lugha ya programu ya Python, na mwaka 2003 akawatolea watu wote matplotlib, programu ya kuchora grafu ambayo amri zake alizifananisha kwa makusudi na za MATLAB. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa: mtafiti aliyetaka kuhama hakulazimika kujifunza kila kitu upya.

Programu za bure hazikuanza naye. Mwaka 1986, Thomas Williams na Colin Kelley waliandika gnuplot katika Chuo Kikuu cha Villanova, Marekani. Mmoja alikuwa na somo la sumakuumeme, mwingine la hisabati, na wote wawili walitaka kuona milinganyo yao ina umbo gani. Kwa kuwa ilikubali mashine na printa za kila aina, gnuplot ilisambaa haraka. Huko Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman walianza lugha ya R katika miaka ya 1990, wakifuata nyayo za lugha ya S ya maabara za Bell. Mwaka 2007 Hadley Wickham akaiongezea ggplot2, ambayo hujenga grafu tabaka kwa tabaka kwa kufuata nadharia ya Leland Wilkinson.

Kwa hiyo mara nyingi mtafiti alichukua kilichokuwapo, alichokimudu, au alichofundishwa darasani. Lakini kila programu ilikuja na maamuzi ya walioiunda, na uamuzi uliogharimu zaidi ulihusu rangi.

Kwa miaka mingi MATLAB, na baadaye matplotlib, zilichora ramani za joto, mawimbi na mishipa kwa rangi za upinde wa mvua bila mtumiaji kuziomba. Mpangilio huo, uitwao jet, unapendeza lakini unadanganya. Njano hung'aa kupita kiasi, na pale rangi zinapobadilika ghafla jicho huona mpaka ambao haumo kwenye data. Asiyetofautisha nyekundu na kijani hupata shida zaidi. Mwaka 2011 kundi la Michelle Borkin wa Harvard lilipima jinsi watu wanavyotambua sehemu hatarishi katika picha za mishipa ya moyo. Kwa picha za pande tatu zenye rangi za upinde, walitambua asilimia 39. Kwa michoro bapa yenye rangi zilizopangwa vizuri, asilimia 91. Mishipa ilikuwa ileile.

MATLAB iliiacha jet mwaka 2014. Kwa matplotlib, Stéfan van der Walt na Nathaniel Smith walibuni viridis, inayotoka zambarau hadi njano huku mwangaza ukipanda kwa hatua sawa, na hata ikichapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe bado inasomeka. Ikawa rangi ya kawaida katika toleo 2.0, Januari 2017. Hunter hakuiona, alifariki Agosti 2012 kwa saratani ya utumbo. Toleo hilo lilibakiza pia mtindo wa zamani uitwao classic, ili mwenye grafu za zamani aweze kuzichora tena kama zilivyochapishwa.