Afisa wa Jeshi Anasoma Nini? Somo la Januari 1964

Juzi, wakati wa chai ya saa nne, mwandishi mwenzangu aliuliza: "Hivi hawa maofisa wa jeshi, huko chuoni wanasoma nini zaidi ya kwata?" Tukacheka wote. Lakini swali lilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu historia yetu inalo jibu, na jibu hilo tulilipata kwa aibu.

Turudi nyuma kidogo.

Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliwaweka chini ya ulinzi maofisa wao Waingereza, kisha wakaingia Dar es Salaam. Walitaka mambo mawili: mshahara mzuri na maofisa Waafrika. Ukweli ni kwamba walikuwa na hoja. Nchi ilikuwa na miaka miwili ya uhuru, lakini jeshi lilikuwa lile lile la King's African Rifles, KAR, lililobadilishwa jina. Mkuu wake, Brigedia Patrick Sholto Douglas, alikuwa Mwingereza. Waafrika wenye kamisheni walikuwa wachache mno.

Moto ukasambaa. Tabora ikafuata. Tarehe 23 ikawa zamu ya Jinja, Uganda. Tarehe 24, Lanet, Kenya. Tarehe 25 makomandoo wa Uingereza walishuka Colito kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur wakazima maasi. Waliitwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe. Fikiria: rais wa nchi huru anamwomba mkoloni wa jana aje kuwanyang'anya silaha askari wake! Mwalimu hakuficha kwamba ilikuwa fedheha.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapo ndipo penye somo. Majeshi matatu yaliyozaliwa na mama mmoja, KAR, yaliasi ndani ya wiki moja, na kila serikali ikachukua njia yake. Kenya iliwapeleka waasi mahakama ya kijeshi na kuendelea kuwategemea Waingereza. Uganda, Obote alikubali kupandisha mishahara, na wengi wa walioasi wakabaki jeshini. Askari wakajifunza kwamba bunduki inasikilizwa. Januari 25, 1971, miaka saba kamili tangu makomandoo washuke Colito, Idi Amin alimpindua Obote.

Tanganyika ilivunja jeshi zima. Kikosi kutoka Nigeria kikaja kushika lindo tukijipanga. Septemba 1, 1964 likazaliwa JWTZ, likiongozwa na kijana aliyesoma Sandhurst, Mrisho Sarakikya, aliyekuwa kapteni tu wakati wa maasi. Vijana walitafutwa JKT na katika Umoja wa Vijana wa TANU. Wakanada walisaidia kufundisha kuanzia 1965 hadi 1970, na Wachina wakachukua nafasi kubwa baadaye. Kwa afisa mpya kulenga shabaha hakukutosha. Alitakiwa ajue pia analinda nini, na anamtumikia nani.

Je, somo liliingia? Mtihani ulikuja mwishoni mwa 1978, Amin alipovamia Kagera.

Chukua Lukaya, Machi 1979. Barabara ya kwenda Kampala inakatiza kwenye kinamasi. Jioni ya tarehe 10 Brigedi ya 201, iliyokuwa na wanamgambo wengi, ilikutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Maroketi yakanyesha, vijana wetu wakatawanyika. Kamanda wa Divisheni ya 20, David Musuguri, angeweza kurundika watu zaidi kwenye barabara ile ile ili wafe wengi zaidi. Badala yake aliiagiza Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa imekwenda mbali kuzunguka upande wa kaskazini-magharibi, igeuke usiku ule ule. Alfajiri ya tarehe 11 ilimpiga adui kwa nyuma na kufunga barabara ya Kampala, huku 201 ikijikusanya na kurudi kupigana kutoka mbele. Huo ndio mkakati: unatulia wakati wengine wanakimbia, unakumbuka una nini, kiko wapi.

Mwezi mmoja baadaye Kampala ilianguka.

Na hapa ndugu zangu wenye digrii tusikilize vizuri. Musuguri hakupitia chuo kikuu. Aliingia KAR mwaka 1942 akiwa askari wa kawaida, akapanda ngazi moja moja. Amin naye alitoka KAR hiyo hiyo, akapanda vivyo hivyo. Mmoja alijitwalia nchi. Mwingine alikuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, akastaafu, akarudi kwao Butiama, na alifariki 2024 akiwa na miaka 104.

Tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini. Dawa yetu ilikuwa na madhara yake. Jeshi lilichanganywa na chama, afisa akawa pia mwanachama, na ndoa hiyo ilidumu mpaka 1992, vyama vingi vilipokuja. Tena haikuwa kinga kamili: Januari 1983 maofisa kadhaa walikamatwa pamoja na raia kwa njama ya kuipindua serikali, na baadhi walifungwa maisha 1985. Kumfundisha mtu utii kwa chama ni rahisi. Kumfundisha utii kwa wananchi, hata wale wasiokipenda chama, ni kazi nyingine kabisa, na vyama vingi ndivyo vimetukabidhi kazi hiyo.

Kwa hiyo, rafiki yangu wa chai, jibu lako hili hapa. Monduli wanajifunza kuongoza vikosi. Duluti wanasoma ukamanda na unadhimu. Kunduchi, kwenye Chuo cha Taifa cha Ulinzi kilichofunguliwa 2012, maofisa waandamizi wanakaa darasa moja na watumishi wa umma wa kiraia. Lakini swali ambalo kila darasa linapaswa kumwuliza afisa ni lile lililokosa jibu Colito: bunduki hii ni ya nani?

Mwaka 1964 hatukulijibu, tukaazima askari. Tusisubiri tena usiku kama ule ndipo tuulizane.

Alamsiki.