Nairobi–Entebbe: umbali na muda wa safari, angani na kupitia Busia na Malaba

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi Entebbe ni takriban kilomita 520 angani, na ndege huchukua kama saa moja na dakika kumi. Njia iliyonyooka hupita juu ya Ziwa Victoria, kama kilomita 100 kusini mwa mji wa mpakani wa Busia. Nchi zote mbili hutumia saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo abiria habadilishi saa.

Kwa barabara, Nairobi hadi Kampala, jiji lililo karibu na Entebbe, ni kama kilomita 650. Basi hukesha njiani, kwa kawaida saa 12 au zaidi. Linalopitia Eldoret huvukia Malaba. Linalopitia Kisumu huvukia Busia, kilomita 30 hivi kutoka Malaba. Wanaotaka kufika Busia haraka hupanda ndege hadi Kisumu, kisha matatu kwa kilomita 110 hivi.

Kinachoamua muda hasa ni mpaka wenyewe. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, humwezesha msafiri kukaguliwa mara moja tu, upande anaoingia. Tangu 2014, Wakenya na Waganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Madereva wa malori ndio wanaostahili kuhurumiwa: mwaka 2020, upimaji wa korona ulizua Malaba msururu wa kilomita nyingi, na wengi walilala garini siku kadhaa wakingoja majibu.