Del.icio.us, StumbleUpon na daftari la Kilosa



Wiki iliyopita kazi ilinipeleka Mikumi, na kwa kuwa nilishafika huko nikaunganisha gari hadi Kilosa, kwa njia ya Ulaya, kumsalimia kaka yangu. Kaka ni mwalimu. Katika kupekua vitabu vyake nikakuta daftari limejaa anwani za tovuti zilizoandikwa kwa kalamu, na juu ya ukurasa wa kwanza jina lake la kuingilia del.icio.us.

Kwa msioikumbuka: ilianzishwa mwaka 2003 na Mmarekani Joshua Schachter. Unahifadhi kiungo, unakipa lebo, na wengine wanaona ulichohifadhi. Wenye kompyuta zao waliiona ni urahisi tu. Kwa mtu wa Kilosa ilikuwa lazima: kompyuta ya intaneti kafe si yako, alamisho unazoweka leo kesho unakuta zimefutwa. Viungo vilivyokaa mtandaoni vilikusubiri popote, iwe Kilosa au Morogoro mjini.

StumbleUpon, iliyoanzia Calgary, Canada, ilikuwa mambo mengine. Unabofya kitufe, inakuletea ukurasa usioutarajia kulingana na unayoyapenda. Aliyepita Mikumi na basi la Iringa ananielewa: hujalipa kiingilio cha hifadhi, unachungulia dirishani tu, leo twiga, kesho nyani. Raha! Lakini kaka anasema aliijaribu mara moja akaacha. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti yetu kubwa ilipitia kwenye setilaiti, polepole na kwa bei kali. Unalipia dakika, ukurasa wa bahati nasibu unazimaliza, na ukifunguka ni picha za paka wa mtu. Wengine watasema ubahili. Mimi naona alikuwa sahihi.

Wakubwa nao walicheza bahati nasibu yao. Yahoo! waliinunua del.icio.us mwaka 2005. eBay wakainunua StumbleUpon mwaka 2007 kwa dola milioni 75. Mwaka 2017 mwenye Pinboard aliichukua Delicious kwa dola 35,000 tu, akaizuia isipokee viungo vipya. StumbleUpon ilizimwa Juni 2018. Mwanzilishi wake mmoja, Garrett Camp, alishahamia kwenye usafiri. Ni mwanzilishi mwenza wa Uber.

Ukurasa ulionishika ni wa Januari 2010. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulifurika, maelfu ya watu wakakosa makazi, reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Kaka alihifadhi kila habari aliyoiona, lebo moja: mafuriko. Neno la siri la akaunti alishalisahau miaka mingi. Daftari halina neno la siri.

Usiku ule tukakaa na simu yangu, yeye anasoma anwani, mimi naandika. Nyingi hazifunguki, zikiwemo za gazeti moja la hapa nchini (sitalitaja, nina marafiki huko). Moja ikafunguka, picha hazipo, maneno yapo. Kaka akaiwekea alama ya vema.

Bahati ni kwamba pembeni ya kila anwani alikuwa ameandika kwa mstari mmoja habari inahusu nini: mtaa gani maji yameingia, watu wamelala wapi, treni imeishia kituo gani. Nimepiga picha kurasa zote.