CHAPA YA NG'OMBE NA CHAPA YA KARATASI



Mwaka huu vijana wetu wameomba chama kiwanunulie patasi, wino na karatasi, wapate kujifunza kupiga chapa picha kwa mkono. Baadhi ya wazee waliuliza: je, huu si mchezo wa watoto? Swali hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe kwa historia.

Neno lenyewe si geni hapa Noonkopir. Mfugaji wa Kajiado aijua chapa tangu zamani. Koo za Kimaasai zina alama zao, zichomwazo kwa chuma cha moto juu ya ngozi ya ng'ombe, pamoja na mikato ya masikio. Mwenye kuzijua humtambua mwenye mali pasipo kuuliza. Pwani nako, mwishoni mwa karne ya 19, wanawake walivaa merikani iliyopigwa nakshi kwa vibao vya mti vilivyochongwa, kabla kanga za viwandani hazijaletwa kwa wingi kutoka ng'ambo.

Picha ya karatasi hufuata kanuni ile ile. Fundi huchonga ubao au kipande cha linoleamu. Alipochonga hubaki peupe, alipoacha hushika wino. Kisha huweka karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Kulia hugeuka kushoto, kwa hiyo herufi huchongwa kinyume. Patasi ikikosea, kosa halifutiki; ndiyo maana kazi hii hufundisha subira. Lakini kibao kimoja hutoa picha nyingi, na hata mtu wa kipato kidogo aweza kununua moja.

Ufundi huu haukuenezwa na vyuo vikuu peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Afrika Kusini, Azaria Mbatha alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Ceza. Hapo Peder Gowenius, mwalimu kutoka Sweden, alimfundisha kuchonga linoleamu, na Mbatha akawa msanii mwenye sifa duniani. Hapa Kenya, Ezekiel Mphahlele alifungua kituo cha Chemchemi mjini Nairobi mwaka 1963. Kijana Hezbon Owiti alianzia hapo, akaenda Nigeria kujifunza zaidi, naye akajulikana kwa picha zake za chapa. Mwaka 1995 Kuona Trust ilianzishwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ikawapa wasanii mahali pa kufanya kazi na kufundishana.

Basi, tuitazame hali yetu. Malisho ya Kitengela yamekatwa viwanja, na nyumba zimesimama palipokuwa na njia za mifugo. Ng'ombe akiondoka, alama ya ukoo huondoka naye, isipokuwa imehifadhiwa mahali. Wanaozikumbuka alama hizo vema ni ninyi wazee; wenye macho makali na mikono myepesi ya kuzichonga ni vijana.

Kwa hiyo kamati yapendekeza kwamba kazi ya kwanza ya darasa hilo iwe hii: wazee waketi na vijana meza moja, wawachoree alama za koo na kuwaeleza maana yake, nao vijana wazichonge na kuzipiga chapa. Nakala moja ya kila alama iwekwe katika ofisi ya chama.

Gharama zimeonyeshwa katika hesabu za mwaka. Twaomba idhini yenu katika mkutano mkuu.